Je, Wajua Kwa Nini RAM Mbovu Hung'aa Upya Ikizamishwa Kwenye Epoksi?

Ukipita eneo la Mwanga, mjini Kigoma, chungulia chini ya meza ya fundi kompyuta yeyote. Aghalabu utakuta boksi au ndoo iliyojaa vitu vilivyokufa: RAM (vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya kompyuta), mazabodi (bodi kuu za kompyuta) zilizoungua, kibodi zilizofutika herufi, hadi diski zilizofunguliwa matumbo. Spea hizo hazina mnunuzi tena. Ila mwenye jicho la kuchagua huokota humo kipande kizuri, akakigandisha ndani ya epoksi, ile plastiki angavu inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda, akatoboa tundu na kutia pete, na hapo kishikio cha funguo kimepatikana.

Kinachoshangaza ni sura ya kile kipande. RAM hiyohiyo iliyokuwa imefifia na kuchubuka, ikishamiminiwa epoksi inang'aa utadhani imetoka kiwandani leo. Hakuna aliyeipaka rangi. Sasa kumetokea nini?

Jibu liko kwenye mwanga. Mwanga ukitoka hewani na kuingia kwenye maji, kioo au plastiki, mwendo wake hupungua, na pale mpakani sehemu yake hurudi nyuma na nyingine hupinda. Wanafizikia hupima jambo hili kwa namba: hewa ni 1, maji ni 1.33, epoksi iliyoganda ni karibu 1.55. Kadiri namba za vitu viwili vinavyopakana zinavyoachana, ndivyo mwanga mwingi zaidi unavyorudishwa. Bodi kuukuu ina mikwaruzo mingi mno, midogo kiasi kwamba huwezi kuiona mmojammoja. Kila mkwaruzo una kingo zinazopakana na hewa, na kila ukingo hutawanya mwanga upande wake. Kinacholifikia jicho ni ukungu wa kijivu uliotanda juu ya rangi halisi. Epoksi ikiingia kwenye mikwaruzo hewa hutoka, na kwa kuwa namba ya epoksi iko karibu na ya ile rangi ya kijani iliyopakwa bodi, mwanga hupita mpakani pale karibu bila kutawanyika. Mkwaruzo bado upo, ila jicho haliuoni. Kokoto za ufukwe wa Ziwa Tanganyika hufanya vivyo hivyo: zikiwa kavu zote ni za kijivu, wimbi likizilowesha unaona wekundu, ukijani na michirizi. Maji hukauka na ukijivu ukarudi. Epoksi haiendi popote.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza kasoro inayoharibu vishikio vingi: doa la rangi ya fedha linalotokea juu ya chipu siku chache baada ya kazi kukamilika. Kidole chenye mafuta kikigusa RAM kabla ya kumimina, pale kilipogusa epoksi haishiki. Ikiganda husinyaa kidogo, ikajibandua, na kuacha utando mwembamba wa hewa. Namba zimeachana tena, mwanga unarudishwa, na doa halitoki. Katika mji wa mawese na migebuka, mikono yenye mafuta ni jambo la kila siku, kwa hiyo nasisitiza: nawa kwanza kwa sabuni, kisha sugua kipande kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye spiriti, ukipitisha nywele zake katikati ya miguu ya chipu, na ukiache kikauke kabisa. Yale meno ya dhahabu yaliyo kwenye ukingo wa RAM usiyaguse kwa msasa. Dhahabu yake ni utando mwembamba kupita kiasi juu ya nikeli, na chini ya nikeli ni shaba; ukiikwangua imekwenda. Raba ya kufutia penseli, ileile ambayo mafundi huitumia RAM inapogoma kusoma, inatosha.

Lakini kuna sababu ya ndani zaidi ya vitu hivi kupatana, nayo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote: bodi ya kompyuta yenyewe imejengwa kwa epoksi. Bodi nyingi ni za daraja linaloitwa FR-4, yaani tabaka za kitambaa cha nyuzi za kioo zilizoloweshwa epoksi na kushindiliwa pamoja kwa joto. Ukijani tunaouona ni koti la juu tu. Chukua kipande kilichovunjika kisicho na shaba, kikwangue koti lake ukiwa umekilowesha, kisha kielekeze juani: utaona rangi ya manjano hafifu, na ndani yake mistari ya kitambaa ikikatizana. Mwanga unapenya kwa sababu namba ya nyuzi zile za kioo nayo ni karibu 1.55. Na zile chipu nyeusi? Kwa kawaida ule weusi si silikoni. Silikoni yenyewe, yaani kiini kinachofanya kazi, ni kipande chembamba kilichozikwa katikati, na kinachokizunguka ni epoksi iliyochanganywa na unga wa silika na kutiwa weusi. Kwa maneno mengine, kiwanda kilikwisha kuzigandisha spea hizi kwenye epoksi zamani. Fundi wa vishikio anaongeza tabaka moja juu.

Ugunduzi wa epoksi una historia fupi. Watu wawili wanaotajwa zaidi ni Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani, kila mmoja akifanya kazi kivyake katika miaka ya 1930 na 1940. Castan alikuwa akitafuta malighafi ya kutengenezea meno bandia. Leo epoksi ipo hata kwenye ile gundi ya mirija miwili inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Hiyo mirija miwili, au chupa mbili kwa anayemimina vishikio, ndiyo siri ya kuganda kwake. Epoksi haikauki kwa kupoteza maji. Chupa moja ina resini, ya pili ina hadina, na vikikutana molekuli zake hushikana mikono pande zote mpaka kitu kizima kiwe wavu mmoja. Ndiyo maana epoksi iliyokwisha kuganda haiyeyuki tena hata uichemshe.

Hapa mafundi wa bodi za magari huteleza kirahisi, maana neno hadina wanalijua kutoka kwenye puti, ile ya kujazia mabonyeo ya gari kabla ya kupaka rangi. Puti ya magari kwa kawaida ni ya poliesta, na hadina yake ni kiwashio tu: kidogo kinatosha, na ukiongeza kidogo inawahi kukauka. Kwenye epoksi mambo ni tofauti kabisa. Hadina ni nusu ya mikono yote inayoshikana. Ukizidisha, mikono ya ziada inakosa wa kuishika, na kishikio kinabaki laini chenye kunata milele. Ukipunguza, matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo usikisie. Soma lebo, na uangalie kama kipimo kilichoandikwa ni cha ujazo au cha uzito, kwa sababu hadina huwa nyepesi kuliko resini na vipimo hivyo viwili havilingani. Mizani ndogo ya kupima gramu ndiyo kifaa cha kwanza ningemshauri kijana anunue, kabla hata ya kalibu za kumiminia za mpira wa silikoni. Kisha koroga taratibu kwa dakika kadhaa ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, umimine kwenye kikombe cha pili safi, ukoroge tena. Resini iliyong'ang'ania ukutani bila kukutana na hadina ndiyo huleta kile kipande kibichi upande mmoja wa kishikio.

Kushikana huko hutoa joto, na joto nalo huharakisha kushikana. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka huongeza kasi karibu maradufu. Muda wa kufanyia kazi kabla haijaganda ulioandikwa kwenye lebo mara nyingi ni wa nyuzi joto kama 25. Kigoma mchana joto hukaribia 30, basi hesabu una muda mfupi kuliko ulivyoandikiwa. Kishikio chenyewe, gramu chache tu, hakina neno. Cha kuogopa ni mabaki ndani ya kikombe, kwa kuwa joto limefungiwa katikati na halina pa kutokea. Kikombe kinaweza kufuka moshi na plastiki yake ikalainika. Mabaki yamwage yatandazike kwenye sinia pana lisilotumika, nje ya chumba.

Sasa viputo. Hewa huingia wakati wa kukoroga, lakini adui mkubwa ni ile iliyojificha chini ya chipu na kwenye vitundu vya bodi. Prosesa za zamani zenye msitu wa pini upande wa chini, kama zile Pentium 4 za pini 478, huficha hewa nyingi ajabu. Ukimimina kwa wingi mara moja, viputo hupanda polepole na epoksi ikaganda vikiwa njiani. Dawa yake ni tabaka mbili. Kwanza pakaza epoksi nyembamba kwa kijiti, ukiisukuma iingie chini ya chipu. Inama utazame: kiputo kinachomoza pembeni ya mguu wa chipu, kinavimba, kinaachia, halafu kingine kinafuata palepale. Acha vitoke. Vinavyogoma kupasuka juu, pitisha blowa ya kuchomolea chipu ikiwa kwenye joto la chini, haraka, bila kutulia mahali pamoja. Tabaka la pili limimine wakati la kwanza limeshikamana ila bado linanata kidogo kwenye glavu, ndipo yataungana kikemikali. Ukichelewa mpaka likawa gumu kabisa, itabidi ulikwaruze kwa msasa kwanza, na usijali ukungu wa msasa, maana sasa unajua utakwenda wapi.

Msimu wa mvua una tatizo lake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, baadhi ya hadina huungana na maji na kabonidayoksaidi ya hewani, ukatokea utando mweupe wenye utelezi wa nta juu ya kazi. Maji ya vuguvugu na sabuni huuondoa. Usianze kwa msasa, utausambaza tu.

Kuna vitu visivyofaa kuzikwa humo. Betri ya duara ya mazabodi, CR2032, ina lithiamu na nguvu ya volti 3, itoe. Kapasita zile za mikebe midogo zina majimaji ndani, na zilizovimba ni za kutupwa. Bodi zilizotengenezwa kabla ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme, Julai 2006, mara nyingi zimeungwa kwa solda ya bati na risasi, hivyo nawa mikono kabla ya kula. Epoksi inaifunga risasi hiyo isiguswe, nami naona hilo ni jambo jema. Ukikata bodi, ilowe maji na uvae barakoa, kwa sababu vumbi lake ni unga wa kioo. Masalia usiyachome moto kamwe: kemikali za kuzuia moto ndani ya FR-4 kwa kawaida zina bromini, na moshi wake ni sumu. Epoksi mbichi nayo usiiguse kwa ngozi. Mwili unaweza kuizoea vibaya, na mzio wake ukishaanza hauondoki.

Jambo jingine ninalolishikilia ni kwamba RAM inayofanya kazi isigeuzwe pambo. Ijaribuni kwanza. Zipo shule na ofisi zenye kompyuta za zamani kidogo zinazotumia RAM ya aina ya DDR3 ambazo kipande kimoja kingeziinua. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme. Vishikio vya funguo havitapunguza mlima huo, na anayeuza asimwambie mteja kwamba vitaupunguza. Anachouza ni kitu kizuri chenye historia, na hicho kinatosha. RAM ya gigabaiti 1 ina vijumba vya kumbukumbu zaidi ya bilioni 8, na mwenye bodaboda anavitia mfukoni pamoja na funguo.

Kwa ukubwa, RAM ya laptopu ndiyo inayofaa zaidi: urefu wake ni kama milimita 68 hadi 70. Ya kompyuta ya mezani ni milimita 133 na ushee, lazima ikatwe. Subiri epoksi iive kwa muda ulioandikwa, toboa kwa kekee ya mwendo mdogo mbali na ukingo ili isipasuke, kisha sugua kwa msasa wa maji ukianzia namba 400 hadi 2000. Jua ndilo litakalokizeesha kishikio, kwa kuwa mionzi yake huigeuza epoksi kuwa ya manjano. Na kikiachwa juu ya tangi la pikipiki mchana kutwa kinaweza kulainika na kupinda, maana epoksi nyingi za mapambo hupoteza ugumu kwenye nyuzi joto 50 hadi 60. Kikipinda, kitie kwenye maji ya moto dakika chache, kilaze juu ya kioo, ukigandamize kwa kitabu kizito mpaka kipoe.