“Ni maoni yangu tu”: dhana potofu kuhusu mwitiko binafsi kwa fasihi ya Marekani ya karne ya 19

Kazi yenyewe huonekana nyepesi. Soma sura kadhaa za Thoreau, Melville au Douglass, kisha andika ukurasa mmoja ueleze umeguswaje. Hakuna nadharia, hakuna orodha ya marejeleo. Ndiyo maana wengi huipa nusu saa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, wakaangukia hapo.

Dhana: Hisia ni zangu, kwa hiyo siwezi kukosea.

Hisia haikosei. Kinachokosea ni sababu unayoitoa. Ukisema Walden, kitabu cha Thoreau kuhusu maisha yake kibandani, ilikukera, hakuna wa kukupinga. Ukisema ilikukera kwa sababu Thoreau aliwakimbia watu akaishi porini miaka miwili, kitabu chenyewe kitakuumbua: kibanda kilikuwa kama maili moja na nusu kutoka kijiji cha Concord, ndani kulikuwa na viti vitatu, ipo sura nzima ya wageni, na kijijini alikwenda kila baada ya siku moja au mbili.

Chukua mstari mmoja ambao msomaji wa Kiswahili hawezi kuupita kimya. Katika sura ya mwisho ya kitabu hicho cha 1854, Thoreau anasema hakuna faida ya kuizunguka dunia ili ukahesabu paka wa Zanzibar. Mwitiko wa haraka huwa: “Anatudharau.” Sawa, uandike. Kisha rudi nyuma kidogo: anawasema wanaohangaika kutafuta chanzo cha mto Nile au Niger, akiwataka wachunguze kwanza mito iliyo ndani yao. Songa mbele sentensi moja: hata hivyo, asema, fanya hivyo mpaka upate la maana zaidi. Anayechekwa ni msafiri, si Mzanzibari. Lakini mshtuko wako haukuwa bure, maana swali linabaki: kwa nini Zanzibar? Meli za Salem, mji wa Massachusetts, jimbo ilimo Concord pia, zilikuwa zikileta Unguja kitambaa ambacho mpaka leo jina lake ni merikani, zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Marekani ilikuwa na konseli huko tangu 1837. Kumbe jina hilo lilikuwa na njia ya kufika Concord. Kero imekuwa usomaji, na kilichohitajika ni sentensi chache zilizouzunguka mstari.

Dhana: “Mimi” wa kwenye kitabu ni mwandishi.

Kwenye ushairi wa Kiswahili tumezoea kutenga nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, na mshairi, ila tukifika kwa Edgar Allan Poe, mwandishi wa hadithi fupi, tunasahau. Anayemuua mzee kwa sababu ya jicho lake katika “The Tell-Tale Heart” (1843) ni msimulizi wa kubuni, tena anayejitetea kwamba hana wazimu, na kadiri anavyojitetea ndivyo tunavyozidi kumtilia shaka. Huck, mvulana anayesimulia riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, ni mtego mkubwa zaidi. Katika sura ya 31 anaamua kumsaidia Jim, mtumwa aliyetoroka, akiamini kabisa kwamba kwa tendo hilo atakwenda motoni. Mwanafunzi anayeandika kwamba kitabu kinafundisha kuwa kumsaidia mtumwa ni dhambi amemsikia mtoto, hajamsikia Twain aliyemweka mtoto huyo aseme hivyo.

Halafu kuna kosa la upande wa pili: kukiita “riwaya” kitabu cha Frederick Douglass cha 1845. Hapo “mimi” ni Douglass mwenyewe, aliyekuwa mtumwa, akisimulia maisha yake. Wengi hulalamika kwamba hasimulii alivyotoroka, mwisho unakuwa kama umekatwa. Lalamiko ni la haki, na jibu liko mwanzoni mwa sura ya 11: akieleza njia, atawaponza waliomsaidia na kuwafungia mlango walio bado utumwani. Alikuja kuisimulia katika kitabu cha 1881, utumwa ukiwa umekwisha.

Dhana: Nakala yoyote inatosha.

Hili hupuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloharibu kazi nzuri. Shairi la Emily Dickinson ambamo Kifo kinasimamisha gari la farasi kumchukua nafsineni lina beti sita. Lilipochapishwa mara ya kwanza 1890, miaka minne baada ya kifo chake, wahariri walilipa jina, “The Chariot”, wakalainisha alama na baadhi ya mishororo, na ubeti wa nne wakauondoa. Ubeti huo ndio wenye baridi: jua linawapita, umande unatetemesha, na nafsineni amevaa gauni jepesi kama utando wa buibui. Anayesoma nakala ya beti tano huandika kwamba safari ni tulivu, haina hofu. Kwa nakala yake, hajakosea! Nakala hiyo haina hakimiliki tena, kwa hiyo imezagaa mtandaoni. Hesabu beti kabla ya kuandika. Zikiwa tano, tafuta nyingine. Toleo la 1955 ndilo lililorudisha maneno na vistari vyake.

Na tahadhari kwa anayesomea Kiingereza akifikiria kwa Kiswahili: Kifo hapo ni mwanamume. Sisi tukisema “alisimama” jinsia imepotea, na pamoja nayo imepotea sura ya mchumba aliyekuja na gari lake kwa adabu zote.

Dhana: Kufupisha hadithi ni kuitikia.

Hapana. Mwalimu ameisoma. Sentensi mbili za kumwelekeza msomaji zatosha.

Daftari linasaidia hapa. Fungua kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto nakili mstari mmoja hadi mitatu, pamoja na namba ya sura. Kulia andika papo hapo kilichokujia, hata kama ni “sielewi”. Acha mistari mitano wazi. Kesho yake rudi na kalamu ya rangi nyingine ujijibu. Kurasa 30 za riwaya zikupe nukuu nne au tano, kisha uchague moja tu ya kuandikia. Ukizibeba zote tano utakuwa umerudi kwenye muhtasari, kwa sababu kila moja itapata sentensi mbili na hakuna itakayofika mahali.

Dhana: Usikiri kwamba ulichoka.

Kiri, ila taja ukurasa. Wengi huzama kwenye sura ya 32 ya Moby-Dick (1851), riwaya ya Melville kuhusu meli ya kuwinda nyangumi, ambapo hadithi inasimama na Ishmael, msimulizi, anaanza kuwapanga nyangumi kwa makundi yaliyopewa majina ya saizi za vitabu, kuanzia kubwa hadi ndogo. “Sura hii inachosha” haina pa kwenda. “Nilichoka alipofika kwenye kundi la pili, kwa sababu nilikuwa nasubiri meli iendelee” ina swali ndani yake: kwa nini anisubirishe? Aliyevumilia hadi aya ya mwisho atakuta msimulizi akiuacha mpango wake bila kuumaliza, na kutangaza kwamba kitabu chote ni rasimu tu, tena rasimu ya rasimu. Kuchoka kwake kunaweza kuanzia hapo, na ukurasa mmoja utajaa bila shida.