Simu Humtii Mwenye Akaunti, Si Mwenye Risiti

Haipiti wiki bila mteja kunihakikishia kwamba simu yake iko salama, kwa kuwa amewasha huduma ya kuifunga na kuifuta kwa mbali na anaamini kwamba ni yeye peke yake awezaye kuitumia. Hakuna dhana inayonikera kama hiyo. Amri ya kufunga hutoka kwenye akaunti ya Google au Apple iliyounganishwa na simu, na simu humtii yeyote aliyeingia katika akaunti hiyo.

Agosti 2012, wadukuzi walimlaghai mhudumu wa wateja wa Apple, wakaingia katika akaunti ya iCloud (huduma ya Apple ya mtandaoni) ya Mat Honan, mwandishi wa jarida la Wired, kisha wakamfutia iPhone, iPad na MacBook yenye picha za bintiye, kwa kutumia huduma ile ile iliyowekwa ili imlinde. Mei 2014, watu kadhaa nchini Australia waliamka na kukuta simu zao zimefungwa na ujumbe wa kudai fedha kwenye kioo. Waliokuwa wameweka namba ya siri ya kufungulia simu waliifungua kwa namba hiyo hiyo. Wasiokuwa nayo ndio waliofungiwa na mdukuzi kwa namba aliyoiweka yeye.

Huku kwetu hahitajiki hata mdukuzi. Mama mmoja aliniletea simu aliyokuwa ameifuta yote kwa sababu ilijaa. Ilipowaka, ilimdai neno la siri la akaunti ya awali, naye hakuwa nalo, kwa kuwa kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia akaunti siku ya kununua na kujichagulia neno hilo. Kwa miaka miwili kijana yule alikuwa na uwezo wa kuona simu ilipo, kuifunga na kuifuta.

Nakusihi, fungua akaunti kwa mkono wako, hata kama foleni dukani ni ndefu, na neno lake la siri usilitumie kwingine popote. Usijitetee kwa uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kudaiwa tarakimu zinazotumwa kwenye kifaa chako baada ya neno la siri: ukurasa wa Apple wa kutafuta kifaa hufunguka kwa neno la siri pekee, kwa sababu kifaa cha kupokelea tarakimu huenda ndicho kilichopotea.

Wengine hudhani kwamba wakituma amri ya kufuta, mwizi hapati kitu. Amri husubiri intaneti, ilhali laini huchomolewa, ikatiwa katika simu nyingine na kuendelea kupokea tarakimu za benki. Weka PIN ya laini leo, yaani namba ya siri inayodaiwa laini inapotiwa katika simu, na siku ya kuibiwa anza kwa kuifungisha laini.

Tena kufungiwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu, si kufungwa kwa simu. Simu bandia zilizozimwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, Juni 2016 zilinyimwa mtandao wa simu tu. Simu iliyofungiwa hivyo bado huwaka, huingia kwenye Wi-Fi, na picha zake hutazamika.