“Virusi vyangu vimelala”: maneno ninayoyasikia mbele ya picha ya saratani ya ini

Mgonjwa ana uvimbe wa sentimita 9 kwenye ini, picha ya ultrasaundi iko mezani baina yetu, na bado ananieleza: “Lakini daktari, miaka ile niliambiwa mimi ni mbebaji tu wa homa ya ini B. Virusi vyangu vimelala.” Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kupita kiasi, kwa hiyo leo nayajibu kwa maandishi.

Aliyemwambia hivyo hakusema uongo mtupu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Katika homa ya ini B sugu kuna kipindi ambacho virusi huwa vichache kwenye damu, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) inasoma kawaida, na mtu anakula na kufanya kazi bila tatizo lolote. Wapo wanaobaki katika kipindi hicho maisha yao yote. Wapo pia ambao virusi huamka bila kupiga hodi, ini linawaka kwa miezi kadhaa, linapoa, linaacha kovu, na mwenyewe alidhani ni uchovu wa kazi. Siku ya kwanza huwezi kujua nani yuko kundi gani. Unajua kwa kumfuatilia.

Isitoshe, kuwa vichache si kuondoka. DNA ya kirusi inajificha ndani ya kiini cha seli ya ini, na vipande vyake vinajipachika kwenye DNA ya mgonjwa mwenyewe. Saratani inapata njia hapo. Ndiyo maana homa ya ini B inaweza kuzaa saratani kwenye ini ambalo halijasinyaa hata kidogo. Anayesema atarudi hospitali ini likianza kuharibika anasubiri hatua ambayo ugonjwa huu unaweza kuiruka.

Haya hayajatoka kwenye hisia zangu. Mwaka 1981 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 huko Taiwan, watumishi wa serikali waliokuwa wakienda kazini kila siku, si watu waliolazwa wodini. Waliokuwa na HBsAg (protini ya kirusi inayoonyesha mtu ameambukizwa) kwenye damu walipata saratani ya ini mara 223 zaidi ya wasiokuwa nayo. Mwaka 2006 ukaja utafiti mwingine wa hukohuko, watu 3,653 wenye kirusi, ukaonyesha kwamba hatari ya saratani hiyo inapanda ngazi kwa ngazi kadiri virusi vinavyoongezeka: kutoka asilimia 1.3 kwa wenye virusi vichache kabisa hadi asilimia 14.9 kwa wenye virusi vingi kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia vimelala, namuuliza: nani alivihesabu, na lini?

Mara nyingi hakuna aliyevihesabu. Kilichopimwa ni ALT peke yake, mgonjwa akaambiwa “ini lako liko sawa.” ALT inaeleza kama seli za ini zinapasuka leo. Haihesabu virusi, haipimi kovu, haioni uvimbe. Nimewaona wenye saratani na ALT ya kawaida kabisa.

Ninachokitaka kwa kila mwenye HBsAg, na nitakirudia hadi nichoke, ni wingi wa virusi, ugumu wa ini (unaoonyesha kovu), na ultrasaundi. Mashine ya kupima ugumu isipokuwepo, hesabu ya APRI, inayokadiria kovu, inatosha kuanzia: inahitaji AST (kimeng'enya kingine cha ini) na idadi ya chembe sahani (zinazogandisha damu) tu. Kwa wenye sirosisi (ini lililojaa makovu), wanaume waliovuka miaka 40, wanawake waliovuka 50, na yeyote ambaye mzazi au ndugu yake alikufa kwa saratani ya ini, ultrasaundi ni kila miezi 6, pamoja na AFP (kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini). Kwa wenye asili ya Afrika nashauri kuanza mapema zaidi, kwa sababu kwao saratani hii huja katika umri mdogo. Wengi wananiona ninatia chumvi kuhusu hiyo miezi 6. Huko China watu 18,816 wenye umri wa miaka 35 hadi 59 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapimwa hivyo kila miezi 6. Matokeo yalipotoka mwaka 2004, vifo vya saratani ya ini katika kundi lile vilikuwa pungufu kwa asilimia 37. Uvimbe wa sentimita 2 tunaukata au tunauchoma. Wa sentimita 9 uliokwisha kuingia kwenye mishipa, mazungumzo yanakuwa mengine.

Na dawa zipo. Tenofovir au entecavir, kidonge kimoja kwa siku, hushusha virusi na hupunguza hatari ya saratani. Haziwafai wote, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umepanua sana idadi ya wanaostahili, kwa hiyo aliyeambiwa zamani kwamba hahitaji dawa arudi apimwe upya. Aliyekwisha kuanza asiache kwa uamuzi wake. Virusi vinavyorudi baada ya dawa kuachwa ghafla vinaweza kuua ini kwa wiki chache.

Mengine nitayapitia haraka.

Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa. Inamkinga ambaye bado, na dozi muhimu kuliko zote ni ile ya mtoto ndani ya saa 24 tangu azaliwe, kwa kuwa takribani watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakiwa wachanga hubaki na kirusi. Kwa watu wazima hawafiki 5 kati ya 100.

Sahani na kikombe haviambukizi homa ya ini B. Acheni kuwatenga ndugu zenu mezani.

Homa ya ini C inatibika. Vidonge vya wiki 8 hadi 12 vinaponya zaidi ya asilimia 95. Ila aliyepona akiwa tayari na sirosisi aendelee na ultrasaundi, maana kovu halikuondoka na kirusi.

Dawa za “kusafisha ini” zinazouzwa kwenye chupa hazisafishi chochote. Ini halina uchafu wa kusafishwa, na baadhi ya mitishamba hiyo hulichoma.

“Kwenye utafiti nitapewa kidonge kitupu nife.” Katika majaribio ya saratani, dawa mpya kwa kawaida hupambanishwa na tiba bora iliyopo. Kwenye saratani ya ini, dawa mpya za atezolizumab pamoja na bevacizumab, matokeo ya mwaka 2020, zilishindanishwa na sorafenib, tiba iliyokuwapo: baada ya mwaka mmoja asilimia 67.2 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 54.6. Hakuna aliyeachwa bila dawa.

La mwisho linawahusu wanaoletwa kwangu tumbo limejaa maji, wakiwa na hakika kwamba ni ini. Kabla ya kugusa tumbo naangalia mishipa ya shingo. Ikiwa imetutumka, nausikiliza moyo, na mara nyingi tatizo liko kwenye valvu, yaani milango ya moyo: damu inarudi nyuma, ini linavimba kwa kufurika. Valvu hizo ziliharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, iliyotokana na maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokokasi, si virusi na si mawazo. Hapa tena, ninapoagiza sindano za penisilini za kuzuia bakteria hao wasirudi, naambiwa “moyo hauniumi, sindano ya nini?” Huko Uganda watoto na vijana 818 waliogunduliwa kwa ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) wakiwa na dalili za awali kwenye valvu, bila ugonjwa wowote wanaouhisi, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka 2, kati ya waliochomwa penisilini kila wiki 4, valvu zilizidi kuharibika kwa 3. Kati ya wasiochomwa, kwa 33.