Majani ya mboga changa yanageuka yelo: maswali na majibu kabla hujashika pampu

Mvua ikishaanza, kuanzia Nyalenda na Manyatta kule Kisumu hadi Kaptembwa na Rhonda hapa Nakuru, watu wanapanda mboga kwa gunia, kwa ndoo iliyopasuka, kwa kile kipande kidogo nyuma ya nyumba, halafu miche ikishashika kidogo majani yanaanza kuwa yelo na swali la kwanza linaulizwa ni moja tu, nipulize dawa gani. Hapo ndipo hii mambo inakuwa ya afya. Mboga ya shamba kubwa unaeza kuinunua ikishakaa siku kadhaa baada ya kupulizwa, lakini hii ya nyumbani iko hatua chache kutoka jikoni na watoto wanachuma jani wakitumwa tu. Kwa hivyo majibu hapa chini yanaangalia mche na pia tumbo la yule atakayeula.

Sukuma yangu bado ni ndogo, majani ya chini yamekuwa yelo lakini ya juu ni kijani. Huo ni ugonjwa gani?

Mara nyingi sio ugonjwa kabisa. Kitu cha kwanza kuangalia, kabla hujauliza mtu yeyote, ni jani gani limeanza, la zamani chini ama jipya juu, ju hilo peke yake linakupa nusu ya jibu.

Kama ni yale majani mawili madogo kabisa yaliyotoka na mbegu, achana nayo. Kazi yao ilikuwa kulisha mche mpaka upate majani ya kweli, yakimaliza yanakuwa yelo na kuanguka, na hiyo ni sawa. Kama ni majani ya kweli ya chini, na yelo imeenea jani lote mpaka mishipa, na mche umekaa palepale haukui, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Mmea ukikosa naitrojeni unaitoa kwa majani ya zamani unapeleka kwa machipukizi, ndio maana wa chini wanaumia kwanza. Inatokea sana kwa gunia ju udongo ni kidogo na kila ukimwagilia maji yanashuka na chakula. Na kuna watu wanachanganya maranda mabichi kwa udongo wakidhani ni mbolea, sasa wale wadudu wadogo wa udongoni wanaoozesha maranda wanatumia naitrojeni yote na mche unabaki mikono mitupu.

Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri ama mboji, unaweka kiasi cha kiganja kimoja kuzunguka shina bila kuligusa. Ukitaka ya duka, chukua kijiko kimoja cha chai cha CAN, ile mbolea ya chenga yenye naitrojeni, uyeyushe kwa maji lita 10, mwagia udongo uliokwisha kupata maji, usimwagie majani, rudia baada ya wiki mbili. Usiongeze ati ndio ikue haraka. Mizizi michanga inaungua na chumvi, na jani likiungua pembeni utarudi tena kuuliza dawa. Usitarajie pia lile jani la yelo lirudi kijani, mara nyingi halirudi, wewe angalia yanayotoka mapya.

Yangu ni kinyume, majani mapya ya juu ndio yelo, lakini mishipa imebaki kijani kama wavu. Nimeweka mbolea na hakuna kitu.

Hapo si naitrojeni, na kuongeza mbolea hakutasaidia. Jani jipya likiwa yelo na mishipa ya kijani, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma. Mmea hauezi kuhamisha chuma kutoka jani la zamani kupeleka jipya, kwa hivyo jipya ndio linalia. Na mara nyingi chuma kiko kwa udongo, ni vile tu mizizi haiezi kukichukua.

Kwa nini haiezi? Jivu ni sababu kubwa kwetu. Watu wanapenda jivu, wanasema linafukuza wadudu, na kidogo ni sawa kabisa, hasa huku Kakamega na Vihiga ambako udongo mwingi una asidi na jivu ama chokaa ya shamba inausaidia. Lakini ukimwaga jivu la jiko kila siku kwa gunia moja, udongo unakuwa wa magadi na chuma kinajifunga. Maji ya visima virefu yenye magadi yanafanya vivyo hivyo polepole, na wenye wanaishi karibu na Ziwa Nakuru, ziwa ambalo lenyewe ni la magadi, wanajua vile maji ya kisima yanaeza kuwa. Hapo punguza jivu, tumia maji ya mvua ukipata, ongeza mboji.

Sababu ya pili ni mizizi kukaa kwa maji. Hiyo nitaieleza kwa swali linalofuata ju ndio inaua miche mingi kuliko zote.

Namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, mbona zinakuwa yelo na zinalegea?

Ndio hiyo. Unazilewesha maji. Mizizi inahitaji hewa, na udongo ukijaa maji kila saa hewa inatoka, mizizi inaanza kuoza, na mzizi uliooza hauezi kuvuta maji wala chakula. Sasa mche unalegea kama ulio na kiu, wewe unaona kiu, unaongeza maji. Watu wengi wanapoteza gunia zima hivyo wakiwa na nia nzuri tu.

Ingiza kidole kwa udongo mpaka pingili ya pili. Kama kuna unyevu, usimwagilie leo. Kama ni ndoo au debe, angalia chini kama lina mashimo, na mashimo hayajazibwa na tope. Gunia nalo linataka ile nguzo ya mawe katikati ndio maji yashuke na yasikae. Kwa wale wako upande wa Kano na Nyando, ule udongo mweusi wa kunata unashika maji vibaya sana mvua ikinyesha, hapo panda juu ya tuta ama changanya na mchanga na mboji nyingi, usipande bapa. Nakuru kuna jambo lingine, baridi ya Juni na Julai, udongo ukiwa baridi mizizi inafanya kazi polepole na mche mmoja unaeza kunywa nusu ya yale maji ulikuwa unaupatia mwezi wa tatu.

Na tukiwa hapo kwa maji: ile sahani ama karai unaloweka chini ya ndoo kukinga matone, limwage. Maji yakituama wiki moja au mbili yanatosha kutoa mbu wazima, na ukanda wa ziwa tayari ndio wenye malaria nyingi zaidi Kenya. Mboga isilete mbu kwa mlango wa chumba cha mtoto.

Nitajuaje kama ni wadudu ama ugonjwa wa kweli?

Pindua jani. Karibu kila kitu kibaya kinajificha chini yake. Ukipata vidudu vidogo vya kijani au vya kijivu kama vimepakwa unga, vimekaa kwa kundi na jani limejikunja, hao ni vidukari. Ukitikisa mche na vitu vyeupe vidogo vikapaa, ni nzi weupe. Ukiona jani lina vidoti vidogo vidogo vya yelo na utando mwembamba sana, ni utitiri, na huo unapenda kiangazi na vumbi.

Kwa miche michache ya nyumbani huhitaji sumu ya duka. Maji ya bomba kwa nguvu kidogo chini ya jani yanawaangusha wengi. Wakibaki, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja, puliza jioni jua likishatua, chini ya jani hasa, asubuhi suuza. Jaribu kwanza kwa jani moja ungoje siku moja. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, ni kali na inaunguza.

Ugonjwa uko, na wenye ningependa kila mtu anayepanda sukuma na kabeji aujue ni ule wa kuoza mweusi. Unaanza pembeni ya jani, yelo inaingia kwa umbo la V ikielekea katikati, na mishipa ndani ya hiyo V inakuwa nyeusi. Ni bakteria, inakuja na mbegu au mche uliokuwa tayari mgonjwa, inaruka na matone ya maji kutoka jani moja hadi lingine. Haina dawa ya kuponya mche ulioshikwa. Ng'oa, tupa mbali na shamba, nawa mikono na kisu, na hapo usirudie sukuma wala kabeji mpaka misimu kadhaa ipite, panda kunde ama terere.

Jani lenye mabaka ya yelo na kijani limekunjamana, na mche umedumaa, hiyo inaeza kuwa virusi. Pia ng'oa.

Kwa agroveti nimeambiwa nichanganye dawa mbili nipulize kila wiki, ni salama kwa mboga tunayokula?

Hapana, kwa kweli. Kama hujajua ugonjwa ni gani unapuliza kwa kubahatisha, na njaa ya naitrojeni haiponi kwa dawa ya wadudu hata ukipuliza mara kumi. Unachobaki nacho ni jani la yelo lenye sumu juu yake.

Ikibidi kabisa upulize, soma lebo hapo dukani, kabla hujalipa. Tafuta namba ya usajili ya PCPB, ile bodi inayosimamia dawa za wadudu Kenya, tafuta kama mboga yako imetajwa, halafu tafuta siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Zingine ni siku chache, zingine ni wiki mbili au zaidi, na sukuma inachumwa kila wiki, sasa piga hesabu mwenyewe. Angalia pia ule mstari wa rangi: nyekundu ndio hatari kabisa, kisha yelo, kisha bluu, kijani ndio nafuu. Kitu chenye mstari mwekundu hakina kazi nyuma ya nyumba yenye watoto. Na dawa ya kupimiwa kwa chupa ya soda, hiyo usikubali hata ikiwa bei ya chini namna gani, watoto wamekunywa wakidhani ni kinywaji. Kuosha mboga kwa maji mengi kunapunguza dawa iliyo juu ya jani, lakini ile imeingia ndani haitoki kwa kuosha.

Nimepuliza, sasa kichwa kinaniuma na mate yanajaa mdomoni.

Acha kazi, toka hapo uende penye hewa, vua nguo zote ulizopuliza nazo, oga na sabuni na maji mengi. Mate mengi, machozi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo, kifua kubana, hizo ni dalili za sumu kuingia mwilini na unaenda hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho. Beba chupa ama lebo, ju daktari anatibu kulingana na kile kilicho ndani. Kama mtu amemeza, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa ati yatapunguza sumu, mkimbize hospitali.

Samadi bado ni mbichi, nikiiweka sasa si itaoza palepale?

Itaoza, lakini kwanza itaunguza miche, hasa ya kuku, ambayo ni kali sana, na majani yatakuwa yelo na kahawia pembeni. Halafu kuna tumbo. Samadi mbichi inabeba bakteria kama E. koli na mayai ya minyoo, na ukimwagilia matone yanairusha juu ya jani. Marekani wakulima wa oganiki wanatakiwa wangoje siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na mimi naona hiyo ni kipimo kizuri hata kwetu. Irundike, ifunike, igeuze, ikiwa haina harufu tena na inavunjika kama udongo iko tayari.

Maji ya mtaro wa choo, hapana. Najua yanakuza mboga vizuri, ni ya bure, na kiangazi kinabana. Lakini taifodi, kipindupindu na minyoo vinapitia hapo, na yule anayeshinda ameinama kwa hayo maji ndio anaumia kwanza kabla hata mboga haijafika sufuriani.

Ile majani ya yelo tunaeza kula?

Kama ni ya uzee au njaa na hayajapulizwa, hayana sumu, ila vitamini zimepungua na ladha si nzuri. Wape kuku. Yaliyooza, yenye utelezi au ukungu, tupa.

Nilipanda ju kliniki waliniambia damu iko chini na nina mimba. Mboga zangu zimekuwa yelo, sasa?

Mama, usingoje mboga. Endelea na zile tembe za madini ya chuma na foliki ulizopewa kliniki, mboga inasaidia lakini haiezi kuchukua nafasi yake. Ukipata managu, terere, saga au kunde, hata za kununua soko la Kibuye ama la Wakulima, kula na kitu chenye vitamini C kama ndimu au chungwa, na chai isogeze mbali na chakula saa moja au zaidi, ju majani ya chai yanazuia mwili kuchukua chuma cha mboga. Usichemshe na kumwaga maji mara tatu mara nne kama wengine wanavyofanya na managu, unamwaga vitamini. Mafuta kidogo ni mazuri, yanasaidia kuchukua vitamini A.

Na ukiona weupe wa macho yako umekuwa yelo, hiyo haihusiani na mboga, nenda hospitali leo.

Nimefanya hayo yote na bado.

Ng'oa mche mmoja mzima na mizizi yake uangalie. Mizizi mizuri ni myeupe na imara, ya kahawia inayoteleza na kunuka imeoza, na ya sukuma ama kabeji yenye vinundu vinundu ina minyoo midogo sana ya mizizi ama ugonjwa wa mizizi. Weka huo mche kwa mfuko, pamoja na udongo kidogo, upelekee afisa wa kilimo wa wodi, ama kituo cha KALRO, lile shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, kama uko karibu na Njoro, Kakamega au Kisii, na umwambie ukweli wote, ulimwagilia mara ngapi, uliweka nini, na ulipuliza nini.