Seli za ini humvusha mtoto, hazimponyi

Mama mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alinionyesha picha kwenye simu: mwanawe wa miezi minne amelala chini ya taa ya buluu wodini, macho yamefunikwa kitambaa, ngozi njano kama embe lililoiva. Madaktari walishamweleza kuwa ni Crigler-Najjar, ugonjwa adimu wa manjano, lakini mama mkwe ana lake: "Ulikula karanga za ukungu ukiwa na mimba."

Hofu hiyo naielewa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu hapa Dodoma na Manyara mwaka 2016. Lakini ugonjwa huu hauletwi na karanga. Ni wa kurithi: baba na mama, wote wazima, kila mmoja amebeba nakala moja ya kinasaba chenye hitilafu, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hakuna aliyekosea, na mama asibebeshwe lawama peke yake.

Wengine husema, "Ini lake limeoza." Hapana. Ini lenyewe kwa sehemu kubwa ni zima. Limekosa kimeng'enya kimoja tu (protini inayochochea kazi mwilini), kile kinachoiandaa bilirubini, rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, itoke na nyongo. Bilirubini ikirundikana kwenye damu hufika kwenye ubongo na kuuharibu. Kwa kuwa kazi inayokosekana ni moja, watafiti waliona si lazima kung'oa ini zima, waongeze tu seli zinazoiweza kazi hiyo.

Wakisikia seli, wengine husema, "Ndizo hizo seli shina (stem cells) zinazouzwa za unga." Tafadhali msitupe hela. Seli za ini zilizokomaa hutolewa kwenye ini la marehemu aliyechangia viungo, mara nyingi ini ambalo halikufaa kupandikizwa likiwa zima. Maabara huyeyusha nyuzi zinazozishikilia mpaka ziachane, kisha hudondoshwa kwa mpira mwembamba kwenye mshipa unaotoa damu utumboni kuipeleka kwenye ini. Hudondoshwa taratibu, kwani zikiingia kwa kishindo zinaweza kuuziba mshipa. Seli hai namna hiyo haziwezi kukaa kwenye pakiti kabatini.

Wapo pia wanaosema, "Akiwekewa amepona." Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani waliripoti habari za binti wa miaka 10 mwenye Crigler-Najjar aliyepewa seli bilioni 7.5. Bilirubini ilishuka kwa zaidi ya nusu, saa za kukaa chini ya taa zikapungua. Ila hakupona, na baadaye alipandikizwa ini. Seli nyingi hufa kabla hazijajishikiza, na zilizobaki hushambuliwa na kinga ya mwili, kwa hiyo dawa za kuituliza kinga hazikwepeki. Ndiyo maana nasema kumvusha: hata kwa watoto ambao ini lao halisafishi amonia, sumu inayotokana na protini, seli hutumika kumshikilia mtoto mpaka ini lipatikane au akue kidogo.

Wengine huniuliza, "Si Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto?" Ndiyo, kwa wagonjwa wa selimundu. Uloto, ute ulio ndani ya mifupa, hutengeneza damu. Kimeng'enya cha ini haukileti.

Kwa mtoto wa Nkuhungu, taa ndiyo dawa ya leo, saa 10 hadi 12 kila siku. Nilipopita wodini juzi, mama mkwe ndiye aliyekuwa akimgeuza mjukuu wake polepole, mwanga ufike mgongoni.