Saratani ya watu wazima: ya barazani na ya hospitalini

Mtu mzima wa miaka 76 akigunduliwa saratani hapa Lamu, hukumu ya kwanza hutoka barazani, kabla daktari hajafungua mdomo: "Muacheni apumzike, umri umekwenda." Husemwa kwa huruma, na zipo siku huwa ndiyo sawa. Tatizo ni kinachotazamwa, yaani mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao kwa wazee wengi karani aliukisia tu. Mwaka huo hausemi figo zinachuja namna gani, wala kama mwenyewe bado anapanda ngazi za dari bila kushika ukuta.

Dhana: "Amezeeka mno, kemo itammaliza"

Kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, huweza kummaliza mzee dhaifu, na huweza kummaliza kijana dhaifu vilevile. Kwa hiyo hupimwa udhaifu kwanza. Jaribio moja hata nyumbani hufanyika: mzee aketi kwenye kiti cha kawaida, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi tena. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka, na timu ya matibabu inafaa ijue hilo kabla ya dozi ya kwanza. Mengine ya kumwambia daktari ni uzito uliopungua katika miezi 3, kama anajiogesha na kujipikia, kama husahau dawa, na nani analala naye nyumba moja.

Dawa zake zote zitiwe kwenye mfuko mmoja na kupelekwa: za presha, za sukari, za kienyeji, na hasa zile za maumivu zinazonunuliwa kemisti bila kuandikiwa. Diklofenaki ya magoti inayomezwa kila siku huchosha figo, na figo ndizo zinazotoa dawa kadhaa za kemo mwilini. Hapa pana mtego unaowanasa hata wauguzi: kreatinini, kipimo cha damu cha kujua hali ya figo, kwa mzee aliyekonda huonekana nzuri kwenye karatasi kwa sababu misuli inayoizalisha imepungua, ilhali figo zimeshachoka. Ndiyo maana hukokotolewa pamoja na umri na uzito wake. Uliza kama hesabu hiyo imefanywa.

Faida ya kupima hivi imeonekana. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021, wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye saratani iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Madaktari waliopewa ripoti ya udhaifu wa mgonjwa na nini cha kufanya, wagonjwa wao waliopata madhara makali walikuwa asilimia 51. Wale ambao madaktari wao hawakupewa, asilimia 71. Muda wa kuishi haukupungua. Mwaka huohuo matokeo ya Uingereza kwa wagonjwa 514 dhaifu au wazee, wenye saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) au ya tumbo iliyosambaa, yalionyesha kwamba asilimia 60 ya dozi kamili ilizuia ugonjwa karibu sawa na dozi kamili, kwa madhara machache zaidi. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoonekana sana Kenya, basi kuomba dozi ya kuanzia chini si kumnyima mzee haki yake.

Kinachoua baada ya kemo mara nyingi ni homa iliyopuuzwa. Chembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, na siku hizo mgonjwa aliyedungwa Mombasa huwa ameshavuka kwa boti kutoka Mokowe, yuko kwake kisiwani, Shela au Faza. Nunua kipimajoto mapema. Nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya saa hiyohiyo, si ya kungoja asubuhi. Pima kabla ya kumpa panadol, maana panadol huishusha homa na kuificha huku maambukizi yakiendelea. Wazee wengine hawapandi joto kabisa. Huchanganyikiwa tu, au hulala mno, na hiyo pia ni homa kwa jina lingine. Nahodha wa boti atakayekubali kuamka saa nane za usiku apatanwe naye tangu siku ya kurudi kutoka Mombasa, na pawe na karatasi moja yenye majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho. Daktari wa zamu atakayempokea huenda hajawahi kumwona.

Dhana: "Saratani ikiguswa na kisu huamka"

Imani hii ina asili yake. Watu walifunguliwa wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshatapakaa, wakafa baada ya wiki chache. Kisu kikabeba lawama. Bila kipande cha nyama kuchunguzwa maabara hakuna anayejua ni saratani ya aina gani, na dawa ya aina moja haifai nyingine. Kwa titi hutumika sindano nene, sehemu ikiwa imetiwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. La kukumbusha: anayetumia dawa ya kulainisha damu aseme kabla, na asiiache kwa uamuzi wake.

Dhana: "Kukonda ni uzee, mgongo ni uzee"

Mzee wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni asilimia 5, na ina sababu ya kutafutwa. Damu kupungua kwa mtu mzima si kukosa mchicha tu. Utumbo huenda unavuja polepole. Mama aliyekoma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, apimwe. Chakula kukwama kooni, kwanza mkate wa mofa kisha wali kisha uji, ni ngazi inayojulikana ya saratani ya umio, na wengi huja hospitali wakiwa wamefika kwenye uji.

Mgongo una hatari yake. Mzee mwenye saratani ya tezi dume akiumwa mgongo, watu humwita mkandaji. Saratani hiyo hupenda kusambaa kwenye mifupa ya uti, na mfupa uliolika hauvumilii kukandwa. Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo na choo kushindikana kudhibitiwa, uti wa mgongo unabanwa. Hapo zinahesabiwa saa: akitibiwa angali anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea, akichelewa hadi miguu imelala, mara nyingi hairudi.

Saratani hiyohiyo ya tezi dume hutupa mfano wa upande wa pili. Nyingine hukua taratibu sana, na mzee wa miaka 80 asiye na dalili huweza kufuatiliwa kwa kipimo cha damu tu bila kukatwa wala kudungwa. Kuacha kutibu kwa namna hiyo ni uamuzi wa kitabibu wenye tarehe za kurudi kliniki, tofauti kabisa na kuacha kwa sababu ya umri.

Dhana: "Tambuu bila tumbaku haina neno"

Ina neno. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona wiki 3 lionwe na daktari wa meno au wa koo. Mwenye meno ya bandia asisingizie meno.

Dhana: "Bila mionzi haina maana kuanza"

Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, maana yake kupanga chumba Mombasa karibu na Hospitali Kuu ya Pwani, na mtu wa kumshika mkono. Familia zinazoona gharama hiyo huacha matibabu yote. Kwa titi, pana njia ambayo wengi hawaambiwi. Wanawake 636 wa miaka 70 na zaidi wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, unaolishwa na homoni, walifuatiliwa Marekani. Wote waliondolewa uvimbe na kumeza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni hiyo, miaka 5. Baada ya miaka 10, ugonjwa haukurudi mahali pale kwa asilimia 98 ya waliopata mionzi na asilimia 90 ya wasiopata, na muda wa kuishi haukutofautiana. Basi bibi wa Matondoni anaweza kuuliza: uvimbe wangu ni wa aina hiyo? Njia hii humfaa tu atakayemeza kidonge kila siku bila kukatiza.

Kuhusu pesa, SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina fungu la saratani, nalo huhesabiwa kwa kaya kwa mwaka. Kiasi kilichobaki kiulizwe kabla ya kuanza mzunguko wa dawa. Katikati ndipo watu hukwama.

Dhana: "Sukari hulisha saratani, mnyimeni"

Mzee anayenyimwa tende, uji na chai ya maziwa hukonda kabla ya uvimbe kukonda. Anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili: kilo 50, gramu 50. Yai moja ni kama gramu 6, bilauri ya maziwa 8, kipande cha changu cha gramu 100 yapata 20. Mwenye kisukari afuate ushauri wa kliniki yake. Na Ramadhani ikimkuta katikati ya kemo, mgonjwa ana ruhusa katika dini. Azungumze na imamu na daktari mapema badala ya kujificha na vidonge.

Dhana: "Mofini ni dawa ya kufia"

Mofini ya maji ni dawa ya maumivu, na hutolewa hata kwa anayeendelea kutibiwa. Mzee huanzishwa chini, mara nyingi miligramu 2.5 kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Mwenye figo dhaifu hutenganishiwa dozi zaidi, kwa kuwa dawa hujikusanya. Akisinzia mno au misuli ikirukaruka, mpigie aliyeandika kabla ya dozi inayofuata. Soma nguvu kwenye chupa, na pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, basi dawa ya kulainisha choo ianze siku ya kwanza pamoja na mofini. Wengi wanaosema "mofini ilimshinda" walikuwa wameshindwa na choo cha siku 6.