Ngonjera ya kuwaelimisha wanakijiji wa Amani

Jana nimepokea tena barua ya shule moja ya hapa Dar es Salaam. Kidato cha Pili, wanafunzi 45, siku tatu katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Kwenye ratiba, siku ya pili saa kumi jioni, pameandikwa: "Wanafunzi kutoa elimu ya utunzaji wa misitu kwa wanakijiji kwa njia ya ngonjera." Ni barua ya nne mwaka huu yenye mstari huo. Mimi ni mtu wa misitu, nimekuwa nikipeleka watoto wa mjini kwenye milima ya Usambara Mashariki, iliko Amani, miaka mingi, na siku zote nimenyamaza ili nisimvunje moyo mwalimu. Leo nasema.

Mara ya mwisho ngonjera hiyo ilighaniwa mbele ya ofisi ya kijiji kimoja jirani na Derema. Acheni kukata miti, acheni kuchoma misitu, na kadhalika. Wazee walikaa kwenye mabenchi wakasikiliza hadi mwisho. Mmoja akainuka: "Ahsanteni sana wajukuu zangu, Mungu awakuze." Akakaa. Mwalimu alifurahi, mimi sikujua uso niuweke wapi. Mzee yule namfahamu. Alikuwa na shamba la iliki Derema, na katika miaka ya 2000 yeye na wakulima wenzake wengi waliachishwa mashamba hayo kwa fidia ili pawe na ushoroba, yaani ukanda wa msitu, wa kuiunganisha Amani na misitu ya jirani. Sasa ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji na hutembea doria. Na watoto wa Tabata na Mbezi wamesafiri kutwa nzima, Chalinze, Segera, Muheza, kisha kupanda mlima, kuja kumwambia auhurumie msitu!

Imani inayonichosha ni hii: msitu ulikuwa mzima, wenyeji wakaukata, serikali na wageni wakauokoa. Hebu tufuate miaka. Katika muongo wa 1890 Wajerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wapande kahawa. Kahawa haikudumu, maana udongo ule una asidi na rutuba yake ni ndogo kuliko ukubwa wa miti unavyokudanganya. Mwaka 1902 wakaanzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo Amani, na bustani ya miti ya kigeni unayoiona leo ndiyo mabaki yake. Baadaye ikaja chai. Ukisimama barabarani uone chai imefika hadi ukingo wa msitu, tambua kuwa pale palikuwa msitu pia. Miaka ya 1970 na 1980 mbao zilivunwa kwa mashine, kwa msaada wa Finland, nchi ambayo baadaye ilifadhili pia uhifadhi wa misitu hiyohiyo. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997. Katika mtiririko wote huo, nionyesheni mwaka ambao mkulima mdogo na panga lake ndiye alikuwa mkataji mkuu.

Sisemi mwanakijiji hakati. Wapasua mbao wapo, hufuata miti ya thamani usiku, na mashamba yamemega mipaka. Hata iliki, ambayo wengi wetu tuliisifu kwa kuwa inakua chini ya kivuli, ina lake: mkulima akipalilia hung'oa na miche ya miti, na mti mkubwa ukianguka hauna mrithi. Kwa hiyo siwezi kusema uamuzi wa Derema ulikuwa wa kijinga. Lakini kama fidia ya pesa inaweza kulingana na shamba lililokuwa likikulipa kila msimu na ambalo ungewarithisha watoto, hapo moyo wangu haujatulia, na sioni kwa nini tuwafiche wanafunzi jambo hilo.

Najua nikikataa ngonjera ya miti, walimu watanigeuzia ya mkaa: kwamba mkaa wa jiji ndio unaoimaliza Amani. Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa sababu kosa hili nalikuta hata kwenye mitihani ya majaribio. Mkaa unaopikiwa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka kwenye miombo, mapori makavu ya tambarare, hautoki kwenye msitu wa mvua wa Amani. Ukitaka mtoto aone mkaa wa jiji ulivyoula msitu, mpeleke Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, atarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ile ni misitu ya pwani, ina spishi zake na historia yake. Maji nayo ni hivyohivyo: mto Zigi unaoanzia Amani unainywesha Tanga kupitia bwawa la Mabayani. Maji ya Ruvu yanayofika Dar yana deni kwa Uluguru. Mtoto akiandika kwenye ripoti kwamba Amani ndiyo inajaza bomba la kwao Kinondoni, mwalimu asimpe vema.

Mambo mengine nitayapitia haraka: kinyonga mwenye pembe tatu, na ua la Saintpaulia lililochukuliwa na Wajerumani 1892 na sasa linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Yote hayo yamo kwenye vitabu, na vijana waongozaji watayaonyesha.

Lisilomo vitabuni ni vipepeo. Tangu 2003 wanavijiji wa huko walifuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Chakula cha viwavi ni mimea ya msituni, hivyo msitu ukiwa hai na mfuko una kitu. Mwaka 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Mapato yalikatika wakati kila mtu alikuwa bado anawaambia watunze msitu. Mwanafunzi anayeuliza "uhifadhi unawapa nini?" aanzie hapo.

Kuna pia Maesopsis eminii, mti uliotoka upande wa Ziwa Victoria. Uliingia kwa kasi kwenye mapengo yaliyoachwa na wavuna mbao, ndege aina ya hondohondo wakasambaza mbegu. Nilifundishwa kuuchukia, nami nikafundisha hivyo. Siku hizi naona miche ya miti ya asili ikiinuka chini ya kivuli chake, na mwanafunzi akiniuliza kama ung'olewe wote, namjibu kwamba sina tena ule uhakika niliokuwa nao.

Barua ya jana nitaijibu leo jioni. Ngonjera ibaki shuleni. Saa kumi ile tutaipeleka asubuhi, saa mbili, kabla wazee hawajaenda shamba. Kila mwanafunzi aje na daftari na maswali matatu, asalimie, akae chini. Nimeshampigia simu mzee wa Derema. Amekubali kuwatembeza hadi kwenye bikoni za mpaka na kuwaonyesha shamba lake la zamani lilipokuwa.